Zamu ya Jaji

Wifi yangu hajawahi kusoma sheria, lakini ukoo mzima tunamwita Jaji. Wapo watoto katika familia hii ambao hawajui jina lake halisi, na ukiwauliza watakuapia kwamba hilo ndilo alilopewa na mama yake. Kazi yake ya mchana ni kukaa kwenye dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara wala likizo, ilikuwa ni sisi.

Mtu akigombana na mkewe, kwa Jaji. Mtoto akikataa shule, kwa Jaji. Ndugu wawili wakinuniana kwa sababu ya maneno yaliyosemwa harusini, kwa Jaji, tena kabla keki haijakauka. Jumapili baada ya chakula cha mchana sebule yake ilijaa kama zahanati siku ya chanjo. Wengine walibanana kwenye makochi, wengine walingoja nje kwenye viti vya plastiki, na kila mmoja alijifanya amepita tu kusalimia. Yeye alikaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, akasikiliza nusu ya habari, nusu tu, maana hakuwa na subira na visa virefu, kisha akainua kiganja.

"Nimeelewa. Wewe utamwomba radhi mkeo. Na wewe mama, acha kupekua simu ya mtu, utakuja kukuta usichokitafuta. Nani anafuata?"

Kesi imefungwa. Na watu walitii, hapo ndipo ajabu ilipo. Mimi mwenyewe nilishinda kesi pale. Mwaka nilioolewa, mume wangu alitaka cherehani yangu itoke sebuleni, eti inamwaibisha mbele ya wageni. Jaji akamuuliza kaka yake hao wageni wanavaa nini, au huwa wanakuja uchi. Cherehani ikabaki. Watu husema wifi ni moto wa kuotea mbali, nami nilikuwa nimejiandaa kwa vita, kumbe nimepewa wakili.

Aliwahi kuolewa. Ndoa haikukaa sana, akarudi, akapanga vyumba viwili na jiko nyumba ya tatu kutoka kwa mama mkwe. Ukoo ulifurahi, nimeambiwa, maana sasa alikuwa karibu.

Nyote mnajua jinsi mambo kama haya yanavyoendelea. Yangeweza kuendelea hivyo mpaka tuzeeke. Lakini siku moja alikuja kwangu akitokea kazini, akakaa kwenye rundo la vitambaa bila hata kuangalia kama kuna sindano, akanisimulia habari ya baba mmoja.

Lile dirisha lake ni la kioo kizito, na tundu la kusemea limetobolewa chini mno, kwa hiyo mwenye malalamiko lazima ainame. Jaji husema ndiyo maana watu hufika kwake wamekwisha kukasirika. Basi huyo baba aliinama, shati lake limepigwa pasi upande wa mbele tu, akasema mita yake imeharibika. Inasoma maji machache mno. Jaji akadhani hakusikia vizuri. Miaka yote aliyokaa pale watu wamelalamika kwamba mita inakimbia, hakuna aliyewahi kulalamika kwamba inatembea polepole. Akamtuma fundi. Fundi akarudi akasema mita ni nzima kama siku ilipofungwa. Kesho yake yule baba akaja tena kusikiliza majibu.

"Mita yako haina kasoro, baba," Jaji alimwambia. "Matumizi ndiyo yamepungua. Mshukuru Mungu."

"Yamepungua kwa nini?"

"Labda mmepungua nyumbani."

"Ndiyo," yule baba akasema, bado ameinama. "Tumepungua." Akashukuru, akaondoka, na Jaji akaita anayefuata.

"Yule alijua mita ni nzima, wifi," aliniambia. "Alijua kabla hajatoka kwake. Alikuja ili mtu amuulize. Nami nikampa jibu, tena jibu sahihi, nikamfukuza nalo."

Nikamwambia asijitese, watu ni wengi na dirisha ni moja. Akanitazama kama hakunisikia. Wiki chache baadaye akatangaza kwamba anarudi shule. Anataka shahada ya uzamili, awe mtu wa kutibu watu kwa mazungumzo.

Hapo ndipo ulipoitishwa mkutano wa familia, na mkutano wenyewe ulikuwa kituko. Tulikaa sebuleni kwa mama mkwe, tukakohoa, tukanywa chai, dakika zikapita na hakuna aliyefungua mdomo. Tulikuwa tunamngoja Jaji afungue kikao. Ndiye aliyekuwa akifungua vikao vyote. Mwishowe ilibidi afungue mwenyewe kikao cha kumjadili yeye.

Akatueleza alivyoelezwa chuoni. Kwa kuwa shahada yake ya kwanza ilikuwa ya sosholojia, angeanza na mwaka mmoja wa maandalizi pamoja na wenzake waliotoka fani nyingine, na mwisho wa mwaka huo angechagua mlango. Mlango wa kwanza ni ustawi wa jamii, ambao ungemfaa ofisini, na mwajiri angempa ruhusa bila maneno mengi. Wa pili ni ushauri nasaha, masomo ya jioni, kazi yake mashuleni na maofisini. Wa tatu ni saikolojia ya tiba. Huo ni mrefu, una mazoezi hospitalini chini ya msimamizi, na una masharti.

"Masharti gani?" akauliza mume wangu, ambaye neno hilo humwamsha hata akiwa amelala.

"Siruhusiwi kumtibu ndugu, jamaa wala rafiki. Tena mimi mwenyewe nikae kwa mtaalamu kama mgonjwa, muda wote wa masomo."

"Wewe unaumwa?" akauliza mama mkwe.

"Siumwi, mama. Ni sharti la masomo."

"Na hicho unachokwenda kusomea hasa ni nini?"

"Kusikiliza watu."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mwanangu, kwani mimi nilikuzaa bila masikio?"

Tulicheka mpaka shemeji yangu mdogo, yule kitindamimba, akapaliwa na chai. Jaji naye alicheka. Kisha kila mtu akatoa maoni yake, na ukisikiliza vizuri kila maoni yalikuwa na mwenye kufaidika. Mume wangu alipendelea ushauri nasaha kwa sababu ni masomo ya jioni, Jumapili zinabaki. Shemeji naye akasema ushauri nasaha, maana Jaji anashauri tangu utotoni, atapita bila kusoma. Mama mkwe akasema lolote, mradi asihame. Tiba haikupata kura hata moja. Mimi nilinyamaza, nikiwa na gauni la bibi harusi la kumalizia, na moyoni nilikuwa upande wa Jumapili kama wenzangu.

Mwaka wa maandalizi ukaanza. Mhadhiri wao, mwanamume mfupi mwenye sauti ya chini, aliwapa zoezi ambalo nadhani hakujua linakwenda kubomoa nyumba ya nani. Muhula mzima wasimpe mtu yeyote ushauri. Wasikilize, waulize, wamrudishie mtu maneno yake ili ayasikie mwenyewe, basi. Na ukishikwa na hamu ya kushauri, kunywa maji. Jaji alianza kutembea na chupa. Nilimtania kwamba sasa nimeelewa, ofisi yake imemtuma shule ili mauzo yapande.

Wa kwanza kuonja alikuwa shemeji. Alikuja Jumapili na kesi nzito. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja kukaa kwao wiki moja, na wiki hiyo imeota mizizi. Akaeleza yote, akamaliza, akangoja kiganja kiinuke. Jaji akanywa maji.

"Nakusikia kama umechoka," akasema.

"Sijachoka. Nimekuja kuuliza nimfukuze au nimwache."

"Ukijiuliza hilo, moyoni unaona nini?"

"Naona dada yangu ana homa."

"Unaona kama nimebadilika."

"Si nimeshasema!" Shemeji akageuka kwangu. "Wifi yako ana nini? Kila ninachomwambia ananirudishia."

Akampigia simu mama yake papo hapo. Jioni ile ile mama mkwe akaleta chupa ya supu, akamshika Jaji paji la uso, akamwambia masomo ya ukubwani yanapandisha damu kichwani. Jaji akainywa ile supu. Afanye nini?

Tulidhani ni upepo utapita, lakini haukupita. Jumapili iliyofuata walikuja wachache. Iliyofuata tena, wachache zaidi. Mtu ana dukuduku, anataka kuambiwa la kufanya aende akalale, unamuuliza moyo wake unasema nini? Kama moyo ungekuwa unasema angepanda mabasi mawili kuja kwako? Nawaeleza tu walivyokuwa wakisema. Baada ya muda wakampata binamu mmoja fundi wa simu, asiyejua lolote ila ana sauti nene, na foleni ikahamia kwake. Huku kwa Jaji simu nayo ikapoa. Ile simu iliyokuwa ikilia hadi anaizika chini ya mto sasa ilikaa mezani kimya, na mara mbili tatu nilimwona anaichukua kuangalia kama imezima.

Jumapili moja nilipita kwake nikitoka kupeleka nguo za mteja. Nilipofungua mlango nilikuta viti vya plastiki vimepangwa, birika kubwa limejaa, vikombe vinane vimefunikwa kwenye sinia, na hakuna mtu. Alikuwa amekaa kwenye stuli yake ile ile pale mlangoni mwa jikoni. Makochi yote ni matupu, na yeye amekaa kwenye stuli.

"Wamesema wanakuja?" nikauliza.

"Hakuna aliyesema."

"Sasa chai yote hii?"

"Sijui kupika chai ya mtu mmoja, wifi. Nimejaribu. Inakuwa na maji tu."

Nikamimina vikombe viwili. Tukanywa. Nilitafuta la kumchekesha sikulipata, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

"Nilikuwa nadhani wananipenda," akasema. "Sisemi hawanipendi. Lakini walikuwa wanakuja kwa hukumu, na mimi nilikuwa dirisha tu. Dirisha likifungwa mtu anakwenda dirisha jingine, hasimami kuuliza lile la kwanza limepatwa na nini."

"Na mimi?"

"Wewe umepitia hapa kwa sababu nyumba ya mteja wako iko njiani."

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Nikamwambia basi yanini yote haya? Zoezi ni la muhula mmoja. Likiisha achukue ushauri nasaha, asome jioni, Jumapili watu watarudi na chai itapata wanywaji. Alitikisa kichwa akasema amekwisha kufikiri hivyo hivyo, na siku ya kuchagua mlango ni Jumatatu ya wiki ijayo, na karibu aandike ushauri nasaha kama sote tulivyotaka.

"Nimechoka na huu ukimya," akasema. "Darasani naelewa kila kitu. Nikirudi hapa nageuza kitasa na hakuna sauti. Nikichukua tiba, wifi, nitakuwa na watu wanaokuja kwa saa moja wakaondoka, na hao si wangu. Walio wangu sitaruhusiwa. Sasa Jumapili nitakaa na nani?"

Nikamuuliza juu ya huyo mtaalamu anayemwendea. Mwaka wa maandalizi wote walipaswa kuonja kile kiti, na yeye alipangiwa mama mmoja mwenye ofisi nyuma ya posta, kila Alhamisi saa kumi. Niliuliza kwa umbea, sikatai.

"Mara ya kwanza nilikaa saa nzima nikimweleza matatizo yenu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. "Lako, la kaka, la kitindamimba, yote. Kwa mpangilio. Mwishoni akaniambia, nimewasikia hao wote, na wewe je? Nikamwambia, mimi nini? Akanyamaza. Nikanywa maji."

"Na sasa?"

"Sasa naongea." Akaanza kukusanya vikombe, hata vile visafi. "Ndiye mtu pekee anayejua habari zangu. Mtu mmoja, mji mzima."

Jumamosi kabla ya ile Jumatatu tulikwenda mjini, Jaji, mama mkwe na mimi, kumnunulia mama viatu. Ilikuwa kawaida ya miaka mingi. Mama mkwe hakuwahi kununua hata ndala bila Jaji kuwa pembeni, maana yeye hujaribu, huzunguka mbele ya kioo, kisha huuliza "nichukue vipi?" na Jaji humwambia. Tulikuwa tunashuka ule mtaa wa maduka ya vitambaa, mama katikati ameshika mkono wa Jaji, alipotokea mbele yetu mwanamke mmoja mtu mzima, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mkoba wa kamba begani. Akamtazama Jaji usoni. Kisha akahamisha macho, taratibu, akatupita.

Mama mkwe ni mtu anayesalimia hadi walinzi wa benki. Alisimama.

"Umemwona yule? Anamkodolea mtu macho halafu anapita kama kapita mti. Watu wa siku hizi hawana adabu, na mvi zote zile!"

Jaji alikuwa amegeuka, anamwangalia yule mwanamke anavyozidi kwenda kati ya watu. Angeweza kusema simjui, tukaendelea na safari yetu. Ghafla akauachia mkono wa mama yake, akarudi nyuma mbio mbio, mtu mzima wa arobaini na kitu anapiga kikumbo wanunuzi.

"Shikamoo!" akaita. Watu watatu waligeuka, wa nne akawa yeye.

"Marahaba," yule mwanamke akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Hujambo? Mmekuja kununua vitu?"

"Viatu vya mama. Mama yangu yule pale. Na wifi yangu."

Akatuinamishia kichwa kutoka kule alikokuwa, mkono kifuani. Akamshika Jaji kiwiko kidogo, akaenda zake. Haikuchukua muda hata wa kufunga kamba ya kiatu.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza Jaji aliporudi.

Angeweza kujibu, mwalimu wangu. Neno hilo lilikuwa pale, limepikwa, linangoja kuliwa. Nilitamani alichukue.

"Ndiye ninayemwendea Alhamisi, mama. Hawaruhusiwi kutusalimia wao kwanza barabarani. Anakupita mpaka wewe mwenyewe uamue kama unataka watu wajue."

"Wajue nini?"

"Kwamba nakwenda kwake kueleza mambo yangu."

"Wewe?" Mama mkwe alishangaa kweli kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango nao huumwa kichwa. "Wewe una mambo gani?"

Hakulisema kwa ubaya. Ningependa kusema alilisema kwa ubaya, ingekuwa rahisi kumkasirikia. Lilimtoka tu, katikati ya watu, mbele ya duka la vitambaa.

"Siku niliyorudi kutoka kwa mume wangu," Jaji akasema, "nilikuja kwako na begi. Unakumbuka? Mlikuwa mmejaa sebuleni, mkasema afadhali umekuja, kuna kesi. Ya watu wawili na ukuta. Nikaweka begi chini nikaisikiliza. Mpaka leo hamjaniuliza nilirudi kwa nini."

"Ungesema."

"Mlikuwa na foleni, mama. Sikuona zamu yangu ni ya ngapi."

Mimi nilikuwa natazama chini. Nilikuwa bado sijaolewa siku hiyo ya begi, kwa hiyo sikuwemo sebuleni, lakini tangu nilipoingia ukoo huu ni mimi na mdomo wangu wote, na sijawahi kuuliza pia. Mama mkwe akanishika mimi mkono, tukatangulia.

Dukani alijaribu jozi mbili, nyeusi na ya kahawia. Akazunguka mbele ya kioo. Nikamwona anamtafuta Jaji ndani ya kile kioo, na Jaji yupo nyuma, anamtazama, midomo imefungwa. Sijui kama Jaji alikuwa bado na lile zoezi lake au alikuwa anangoja kuulizwa. Mama mkwe akamwambia muuzaji, "Nifungie hivi vyeusi." Hakumuuliza mtu. Njia nzima ya kurudi alishika mkono wangu, na Jaji akaja nyuma yetu na boksi. Niligeuka mara kadhaa. Hakuwa analia. Alikuwa anatembea tu, peke yake, hatua chache nyuma ya mama yake, na mimi nilikuwa nimeshikwa mkono siwezi kurudi.

Jumatatu mchana alinipigia. Kwa kawaida mimi ndiye ninayempigia, nikishika simu kwa bega na kitambaa kwa mkono.

"Nimeandika tiba," akasema.

"Tiba? Baada ya yale ya Jumamosi?"

"Kwa sababu ya yale ya Jumamosi. Nilisema neno langu mwenyewe barabarani, wifi, na sikufa. Nikafikiri, kama mimi nimefika miaka hii sijawahi, wako wangapi?"

"Mama anasemaje?"

"Hajanipigia tangu siku ile. Nina upweke. Usiniambie utaisha. Najua nilichochagua, lakini upweke ninao, nimeona nikwambie."

Ushauri wangu wote ulipanda mpaka kooni. Utazoea. Mwombe mama radhi. Njoo kwangu Jumapili ule, uache kupanga viti. Nilitamani na mimi ningekuwa na chupa ya maji. Nikasema, "Nakusikia, wifi," na lilitoka kama la kuigiza, akacheka puani, lakini hakukata simu wala mimi sikukata. Tulikaa hivyo, kila mmoja akisikia kazi ya mwenzake. Kwake watu walikuwa wanagonga kioo.

Alhamisi nilikuwa nikitoboa matundu ya vishikizo vya sare za shule, shingo imekakamaa, simu ikalia. Mama mkwe. Mama mkwe hanipigii mimi. Akitaka kitu kwangu humwambia mwanawe, mwanawe humwambia Jaji, na Jaji huniambia mimi. Nikadhani kuna msiba.

"Hakuna kitu," akasema. "Nimepiga tu."

Akaniuliza habari za kazi. Akaniuliza habari za watoto, ambao walikuwa kwake asubuhi ile ile. Akasema vile viatu vyeusi vinambana kidoleni, angechukua vya kahawia. Akasema goti linamsumbua. Akasema jirani amefuga bata wachafu. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika zake.

"Mama," nikasema, "kuna jambo?"

"Mwenzako yuko kwa mtu wake saa hizi," akasema. "Nisipoongea na mtu mwingine nitampigia yeye."

Nikaacha mkasi.

"Huko anamwambia nini?"

"Sijui, mama. Hata mimi haniambii."

"Ananisema?"

"Sijui, mama."

Nilisikia bata wa jirani.

"Angekuja kwangu," mama mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Angekuja kwangu akaniambia, ningemwambia la kufanya."

"Najua, mama," nikamwambia.